Chupa ya Thelathini na Moja

Lima, 3 Aprili 2022

Shangazi Hermelinda,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya Lima, ambayo yakikupata yanahamia kwako kabisa na kupanga chumba. Jibini zimefika. Ulituma mbili, mzee Fidencio wa basi akanikabidhi moja na nusu, akasema nusu ile ilimwangukia mdomoni basi liliporuka shimo. Nikamwambia shimo hilo kila mwezi liko mahali palepale. Akacheka mpaka akakohoa.

Uliuliza ninaishi kwa kazi gani. Nimepata kazi, na safari hii si ya kuosha vyombo. Niko kwenye maabara ya Daktari Balbina Zegarra, yule aliyenifundisha mwaka wa mwisho. Unazikumbuka zile barakoa za bluu za kuvaa na kutupa? Watu walizivaa, wakazitupa, na hazikwenda popote. Ziko ufukweni, ziko kwenye mitaro, juzi nimeona njiwa amejengea kiota. Ingawa zinaonekana kitambaa, ni plastiki tupu. Sasa Daktari alichimba udongo wa jalala la zamani akakuta humo bakteria waliojifunza kula plastiki kwa kukosa kingine. Kazi yangu ni kuwalisha. Nina chupa thelathini, na kila moja ina barakoa moja, maji, chumvichumvi kidogo, na wao. Hakuna chakula kingine humo. Kila mwisho wa mwezi naitoa barakoa, naikausha, naipima kwenye mizani nione wamekula kiasi gani. Wanakula kidogo sana, lakini wanakula.

Najua unacheka. Umenilea tangu nina miaka sita, umeniuzia kondoo nisome, na nimeishia kuwa mchungaji wa wadudu wasioonekana.

Washa basi hiyo simu, Shangazi. Barua inachukua wiki mbili kwa basi na lori, mimi nataka kusikia sauti yako.

Mwanao,
Yeny


Huayllapata, 24 Aprili 2022

Yeny mwanangu,

Marahaba. Hapa viazi vimekuwa vidogo lakini vingi, simbilisi wamezaa tena, na Basilia jirani bado ana mdomo usio na breki. Mgongo unaniuma upande mmoja tu, kwa hiyo nalalia ule mwingine. Kazi yako nimeisoma mara mbili. Sikucheka, nilikaa chini.

Simu sitaki. Ndiyo iliyoniletea habari za Rómulo, na siku ileile niliizima nikaitia chini ya godoro. Tuandikiane hivihivi.

Sasa nisikilize. Mwanangu Rómulo hajaondoka. Wewe msomi, lakini umekulia humu ndani, usijifanye hujui ninachosema. Siku ya tano baada ya kifo nguo za marehemu zinaoshwa mtoni, maji yachukue kilichobaki chake, aende zake. Yake nani aliosha? Nguo walizichoma hospitalini, na yeye mwenyewe wakamchoma, nikaletewa kasanduku ninakoweza kukabeba kwapani. Kitu pekee alichovaa kilichonifikia ni ile barakoa uliyoniletea wewe. Naitunza kwenye kopo la maziwa. Nimeiosha mtoni mara tatu, kwa jina lake, nikisema nenda mwanangu, nenda. Inatoka kama ilivyoingia. Sweta ukiliosha linachoka, hiyo haichoki. Kuichoma siwezi. Alishachomwa mara moja, inatosha.

Novemba iliyopita, usiku wa siku ya wafu, nilimwaga majivu ya jikoni mlangoni, asubuhi tukasoma nyayo za aliyepita. Nyayo zilikuwepo, zinaingia, hazitoki. Tena ndogo, na Rómulo alivaa viatu namba arobaini na mbili. Basilia akasema wafu husinyaa. Yule ana jibu la kila kitu.

Novemba hii ni ya tatu, ndiyo ya kumuaga. Akiagwa hali kitu chake cha mwisho hakijaoshwa, hatatoka tena, na atamnyonya mmoja wa nyumbani mpaka aende naye. Mimi sijihofii, nimeshazeeka. Ila sitaki mwanangu akwame mlangoni kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Wadudu wako wanakula barakoa. Basi waile hii. Wakiimaliza, nitahesabu imeoshwa.

Shangazi yako,
Hermelinda Ayquipa


Lima, 22 Mei 2022

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Hapa baridi imeanza, ukungu unashuka asubuhi na hautoki. Mwenye nyumba wangu ameolewa tena, na bwana harusi anapiga tarumbeta.

Kuhusu lile ombi lako, nimelifikiria sana. Nakuomba usiitume. Wadudu ni wavivu, Shangazi. Katika chupa zangu wanakula chini ya sehemu moja ya mia kwa mwezi, kwa hiyo Novemba itapita na barakoa itakuwa vilevile. Kwa nini usiizike pale pale kalipo kasanduku? Au kuna ile poncho, joho lake la sufu la utotoni, ioshe hiyo. Ile barakoa ni kitu tu. Haina hata harufu yake.

Nakubusu mikono,
Yeny


Huayllapata, 5 Juni 2022

Yeny,

Poncho ya utotoni ilikuwa ya Rómulo mtoto, na Rómulo mtoto sina shida naye. Kinachomshika mtu ni alichovaa mwisho. Hayo ulikuwa unayajua kabla hujajua kusoma.

Barakoa ameshaondoka nayo Fidencio. Nimeifunga kwenye kitambaa cheusi na kukishona pande zote, asije akachungulia. Usinipangie jinsi ya kumlilia mwanangu. Nimekutumia na mahindi ya kukaanga, ule, maana barua yako inaonekana imeandikwa na mtu mwenye njaa.

Shangazi yako


Lima, 3 Julai 2022

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na ahsante kwa mahindi. Nimeyala yote siku moja, sikumgawia mtu.

Imefika, na nimefanya ulivyotaka. Niliiweka kwanza siku kumi chini ya taa kali inayochosha plastiki, ndivyo tunavyofanya kwa zote, kisha nikaitia kwenye chupa mpya. Ni ya thelathini na moja. Daktari hajui imetoka wapi, alidhani nimeongeza moja kwa bidii, akanisifu. Chupa zote hukaa kwenye mashine inayozitikisa mchana kutwa, polepole, maji yanazunguka na barakoa nazo zinazunguka. Humo ndani hufunguka na kujikunja. Mwanzoni nilikuwa sipendi kuzitazama.

Sasa jambo la ajabu. Mwisho wa mwezi nilipima. Zile thelathini karibu hazijapungua. Yako imeondoka sehemu moja ya kumi, na ilikuwa na siku chache tu ndani ya maji. Nikapima tena, nikadhani mizani imeharibika. Haijaharibika.

Lingine la kukuchekesha: mama wa mgahawa ninakokula mchana ameanza kuzeeka. Jana aliniletea supu mbili. Nikamwambia, "Mama, mimi niko peke yangu." Akasema, "Na kijana je?" Akatazama nyuma ya bega langu, kisha akaichukua sahani moja akarudi nayo jikoni.

Salamu kwa Basilia na mdomo wake.

Yeny


Huayllapata, 31 Julai 2022

Yeny mwanangu,

Marahaba. Misa ya mwaka wa pili wa Rómulo, ya tangu Mei, ndiyo kwanza imefanyika, padri alichelewa, watu walikula kabla ya sala na hakuna aliyeona haya. Theluji imeanguka chini kuliko kawaida. Nimefurahi mpaka nimelia uliposema inaisha. Wabusu wadudu wako kwa niaba yangu, kama wana mashavu.

Nilimwaga majivu tena siku ya misa. Nyayo ndogo tena, zinaingia tena, safari hii mpaka karibu na kitanda changu. Kuna kitu nimekiona kwenye nyayo hizo sitakiandika leo. Nataka kwanza nikitazame tena.

Lakini una kesi ya kujibu. Basilia anaapa alikuona Jumanne iliyopita, mchana kweupe, kwenye njia ya shule. Anasema ulikuwa umeinama, unaokota vitu chini, hatua moja unaokota, hatua nyingine unaokota, mpaka ukafika kisimani. Alikuita, "We Yeny, umedondosha nini?" Hukugeuka. Sasa anatangaza kijiji kizima kwamba mji umekuharibu, hujui tena kusalimia wakubwa. Kama ulikuja ukapita mlangoni kwangu bila kuingia, jiandae, nina fimbo.

Shangazi yako


Lima, 28 Agosti 2022

Shangazi,

Shikamoo. Fimbo irudishe. Jumanne ile nilikuwa hapa Lima, nilikuwa napima chupa kabla ya sikukuu ya uhuru, na Daktari ni shahidi wangu. Basilia anunue miwani.

Chupa ya thelathini na moja imevuka nusu. Daktari ana furaha kama bibi harusi. Anasema hakuna mahali palipowahi kuonekana mwendo huo, na anataka kuwatoa wadudu wa chupa ile awakuze peke yao. Anadhani kuna mmoja mgeni aliyekuja na barakoa yenyewe. Ananiuliza kila siku niliitoa wapi. Nimesema niliiokota barabarani. Mwakani anataka kunipeleka naye kwenye mkutano, niisimulie mbele ya watu. Kwa hiyo, Shangazi, kondoo wako hawakwenda bure.

Mimi nimechoka kidogo tu. Viatu vimeanza kunivuka mguuni, nimevitia karatasi. Kahawa imekuwa na ladha ya maji ya moto. Na juzi nimechekwa benki: mlango wao unafunguka wenyewe ukimwona mtu, haukunifungukia. Nilisimama pale, nikapunga mikono kama mwendawazimu, mpaka akaja bwana mmoja nyuma yangu ndipo ukafunguka. Wasimamizi wanasema ni jicho la mashine limeingia vumbi.

Ulisema kuna kitu umekiona kwenye majivu. Ni kitu gani?

Yeny


Huayllapata, 18 Septemba 2022

Yeny,

Salamu baadaye. Nimeanza kuandika barua hii mara nne.

Nyayo zile za mguu wa kushoto zina vidole vinne. Nimemwaga majivu bila siku ya misa wala siku ya nani, nimemwaga wiki hii tu kwa kujipima roho, na ni vilevile. Vidole vinne na kovu. Kidole kile mimi ndiye niliyekitafuta kwenye matuta ya viazi ulipojikata na jembe, mimi ndiye niliyekifunga kidonda, una miaka minane, Rómulo analia kuliko wewe. Naujua mguu huo kuliko wangu.

Basilia hana shida ya macho. Unajua watu huku wanavyofanya wakikaribia kufa. Roho inatangulia, inazunguka kila ilikopita, inaokota nyayo zake isije ikaacha hata moja. Mama yako alionekana kwenye zizi siku tatu kabla ya kufa, na alikuwa kitandani hajiwezi. Sikuwahi kukuambia.

Nimetoa simu chini ya godoro, mwanangu. Nimepanda nayo kilimani, nimekupigia mara saba. Inasema namba hiyo haipo.

Kuna kitu hukuniambia, nami kuna kitu sikukuambia. Anza wewe. Ile barakoa ni ya nani? Nijibu kwa neno moja, mengine yatafuata.

Hermelinda


Lima, 16 Oktoba 2022

Shangazi,

Yangu.

Nimekaa na neno hilo wiki mbili. Namba yangu haijabadilika, simu iko mezani, iko wazi, haikulia hata mara moja.

Pale hospitalini nilisimama getini siku tisa. Hawakuniruhusu kuingia. Walinipa karatasi yenye namba yake, na baadaye wakanipa kasanduku, basi. Nikauliza viatu, nikauliza kofia yake. Mlinzi aliniambia, "Dada, hapa hakuna kinachotoka." Barabara zilipofunguliwa nikaja nyumbani na kasanduku mapajani. Ulikuwa umesimama uani. Hukutazama hata kasanduku, ulininyooshea mikono ukasema, "Umeniletea nini alichovaa?" Nilitia mkono mfukoni. Kulikuwa na barakoa niliyoivaa siku zile za getini. Ukaichukua, ukaiweka shavuni, na baada ya hapo nilikosa pa kuanzia.

La pili ni baya zaidi. Unakumbuka watu walipoanza kuondoka Lima kwa miguu, wamebeba magodoro, wanafuata barabara kuu kurudi makwao milimani? Rómulo alifunga mzigo wake Jumanne. Akaniambia, "Dada, twende kwa mama, tukifa tufie njiani kama watu." Mimi nilikuwa na mtihani wa kufanyia kwenye kompyuta siku ya Jumamosi. Nikamwambia angoje Jumapili. Alikubali, unamjua alivyokuwa. Jumapili alikuwa anakohoa. Mtihani nilishinda.

Imebaki robo ya barakoa, na ule waya wake wa juu ya pua. Nalala sana. Watu wananigonga mabega njiani kama hawajaniona. Ningeweza kuitoa kwenye maji kesho asubuhi, ni kazi ya dakika moja, na sijaitoa. Sikufichi, zipo siku nataka waimalize. Na kama wakiimaliza Rómulo atatoka kwako, basi waache wale, mimi sitalalamika. Wewe ndiye uamue, Shangazi. Mimi niliamua mara moja, ukaona matokeo yake.

Yeny


Huayllapata, 3 Novemba 2022

Yeny, Yeny, Yeny,

Mlima uliporomoka juu ya barabara, lori likakaa siku tatu upande wa pili. Barua yako imenifikia jana, tarehe mbili, saa nne asubuhi, meza ya Rómulo imeshapangwa. Mikate, mahindi, bia yake, viazi vipya. Watu wamejaa uani wanangoja saa sita, tumuage, tufagie, tufunge mlango, iwe kwaheri ya mwisho. Niliisoma nimesimama. 

Sasa langu. Nilijua si yake. Nilijua siku ileile uani. Rómulo pua yake ilivunjwa na nyumbu, ilikuwa imelala upande, na ule waya wa juu ya barakoa ulikuwa umekunjwa kwa pua nyembamba iliyonyooka. Nikasema moyoni labda waya umejinyoosha. Nikasema labda uliiokota popote, ya mgeni fulani, ili nisikae mikono mitupu. Nikakuonea huruma nawe ukanionea huruma, na sote wawili tukanyamaza. Lakini kwamba ni yako, mwanangu, hilo halikunipitia. Miaka miwili nimekuosha mtoni kama maiti. Nimekuambia nenda, usirudi, huku huna tena kitu. Nimekuambia hayo kwa sauti, kwa machozi, nikiamini namwambia mwingine. Na usiku nilikuwa nalala nayo kifuani nikiihadithia habari zangu zote. Kumbe nilikuwa nakufukuza na kukubembeleza kwa pamoja.

Unajua mlango mmoja hauwezi kuaga na kuita siku moja. Ukiaga, unafunga. Ukiita, unaacha wazi, na aliyemo ndani haondoki tena. Watu walikuwa wananitazama. Mpiga kengele wa kanisa akauliza, "Mama Hermelinda, tuanze?"

Nimewagawia mikate nikawaambia waende kwao. Wengine wamenuna, bia walipewa. Saa sita nimeshuka mtoni peke yangu na blanketi lako la utotoni, nimelipiga juu ya maji, nimekuita. "Yeny, njoo! Usikae majini, usikae njiani, usikae Lima! Mama yako nakuita, twende nyumbani!" Mara tatu, kwa nguvu zote, mpaka mbwa wa ng'ambo wakaitikia. Kisha nimerudi na blanketi mgongoni bila kugeuka nyuma, na mlango nimeuacha wazi.

Rómulo abaki, kama ni kubaki. Nimemzaa, nitaishi naye. Akininyonya, aninyonye mimi. Yeye hana kosa na wewe huna kosa, ulikuwa na miaka ishirini na mbili na mtihani. Lakini kama ulisikia jana nikikuita, na hukuitika, basi sijui tena la kufanya.

Itoe. Leo hii itoe kwenye hayo maji.

Mama yako


Lima, 18 Novemba 2022

Mama,

Shikamoo. Nilisikia.

Tarehe mbili, saa sita mchana, nilikuwa maabara na Daktari Zegarra, nimeshika chupa ya thelathini na moja mkononi, nataka kuirudisha kwenye mashine. Barua yako haikuwa imeandikwa bado. Uliniita kwa sauti ile ya kuniitia chakula nikiwa kondeni, ikatokea upande wa sinki. Mara ya kwanza niliganda. Ya pili machozi yakanitoka. Ya tatu nikaitika kwa nguvu, "Nakuja!"

Daktari akageuka kunitazama. Na hapo hapo, nyuma yangu, baina ya rafu za chupa, mtu mwingine akaitika. Sauti ya mwanamume, imekauka koo. "Nakuja, mama."

Daktari alisikia. Nakuapia alisikia. Alisema, "Yeny, umemwingiza nani humu?" Akaenda kutazama nyuma ya rafu, akarudi amekuwa mweupe, akakaa kwenye kiti changu.

Rómulo hakuwahi kuwa kwako, mama. Nyayo ulizosoma kwenye majivu zilikuwa zangu mimi, na yeye alikuwa huku Lima. Alifunga mzigo wake Jumanne ile, mimi nikamwambia angoje, na bado alikuwa anangoja nimwambie twende. Amekaa nami miaka hii yote, kwenye chumba, kwenye mgahawa, kwenye foleni, nami nilikuwa nageuza uso.

Niliitoa siku ileile. Imebaki kipande cha ukubwa wa ukucha, na waya. Nimemweleza Daktari kila kitu, kuanzia getini. Nilidhani atanifukuza. Akasema wadudu atabaki nao yeye, wameshazaa vya kutosha, ila kipande hicho si cha maabara, nikichukue. Aliniomba tu niondoke kabla hajafunga, asibaki na rafu zile peke yake. Jioni nilikunywa kahawa, ilikuwa chungu, nikaongeza sukari. Mlango wa benki sijaujaribu.

Jana nilirudi chumbani, nikasimama katikati nikasema kwa sauti, naona aibu kukuandikia, lakini nilisema. "Rómulo, Jumapili imefika. Twende kwa mama." Sikujibiwa. Ila usiku kucha hakuna aliyekohoa, na sikujua mpaka jana kwamba nilikuwa nimeshazoea kusikia mtu anakohoa.

Barua hii inatangulia na basi la kesho. Mimi nasafiri na lile linalofuata. Nimekata tiketi mbili. Mzee Fidencio aliuliza hiyo ya pili ni ya nani, nikamwambia ni ya ndugu yangu, na namwombea siti ya dirishani, maana ana miaka miwili na nusu anangoja kuiona njia ya kurudi.

Yeny